Kijumba cha Mtoto Murusagamba: Kutoka Msonge hadi Nyumba ya Midoli

Nyumba ya midoli ni nyumba ndogo ambayo mtoto huijaza watu, vyombo na kazi za nyumbani kwa kadiri ya mikono yake. Madukani hupatikana ya mbao, ya karatasi ngumu na ya plastiki, na huuzwa pamoja na vitanda, meza na watu wake. Nyumba ya namna hiyo ni ngeni katika kata ya Murusagamba, wilaya ya Ngara, mkoani Kagera. Mchezo wenyewe si mgeni. Mtoto wa nchi hii alijijengea kijumba uani, kwa vifaa vilevile ambavyo wazazi wake walijengea nyumba kubwa, akaweka ndani yake mama, mtoto, mafiga na chakula. Kwa sababu hiyo historia ya kijumba hicho hufuata historia ya makazi. Nyumba ya wakubwa ilipobadilika umbo, kijumba nacho kilibadilika. Mzazi au mwalimu wa leo anayetaka kumchagulia mtoto mdogo nyumba ya midoli anaweza kupata kipimo kizuri katika historia hiyo.

Nchi na nyumba zake

Murusagamba iko kusini mwa wilaya ya Ngara, upande wa mpaka wa Burundi. Wenyeji wa Ngara ni Wahangaza na Washubi, na lugha zao ziko katika jamii moja na Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Jirani zao wa Biharamulo ni Wasubi na Wazinza. Kabla ya ukoloni, nchi zao za Bugufi na Bushubi zilikuwa falme ndogo, kila mmoja na mwami (mfalme) wake. Ni nchi ya vilima na mabonde, yenye migomba, maharage, mtama na ng'ombe. Kahawa iliongezeka baadaye kuwa zao la fedha.

Makazi ya asili katika ukanda huu, kuanzia Buhaya hadi Buha na ng'ambo ya mpaka katika Urundi na Ruanda, yalikuwa nyumba za msonge. Wajenzi walisimika fito katika duara, wakazikunja na kuzifunga juu, wakazungushia pete za fito nyembamba, kisha wakaezeka nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Ukuta na paa vilikuwa kitu kimoja. Ndani, vizuizi vya matete viligawa sehemu ya kulala, ya kuweka vyombo na, kwa wengine, ya ndama. Moto uliwaka kati ya mafiga matatu, na moshi wake ulikausha nyasi za paa na kufukuza wadudu.

Msonge haukusimama peke yake. Ulizungukwa na ua wa miti hai au matete, na eneo lote hilo, pamoja na nyumba, vihenge vya nafaka na mahali pa mifugo, liliitwa rugo. Kazi nyingi za mchana zilifanyika nje: kutwanga, kupepeta, kusuka, kukamua. Mtoto aliyeishi katika rugo aliona tangu asubuhi hadi jioni jinsi maisha yalivyoendeshwa, na aliona pia jinsi nyumba inavyojengwa, kwa kuwa nyasi huoza na nyumba ilihitaji kuezekwa upya mara kwa mara. Hakuna sehemu ya ujenzi iliyofichwa kwake.

Anasa hiyo ya kuona kila kitu kikitengenezwa imepungua. Anayetaka kuona msonge leo anaweza kwenda Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1966, ambako nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, msonge wa Wahaya ukiwa mmojawapo.

Kijumba cha uani

Kijumba cha mtoto kilitokana na mabaki ya kazi za wakubwa. Fito zilizokatwa fupi, nyasi zilizobaki, mabua ya mtama na mahindi, maganda makavu ya mgomba na udongo wa mfinyanzi vilitosha kusimamisha nyumba ya kimo cha goti. Aliyekuwa mkubwa kidogo alijenga kibanda ambacho watoto wenzake waliweza kuingia na kukaa. Mdogo zaidi alichora duara mavumbini au kupanga vijiwe, na ndani ya duara hilo akaonyesha mlango, moto na kitanda.

Mdoli nao ulitokana na shamba. Gunzi la mahindi lenye nywele zake liliweza kusukwa kichwani na kuvikwa kitambaa. Maganda ya mgomba yalikunjwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba huohuo hadi yakapata kichwa na kiwiliwili. Udongo ulifinyangwa kuwa watu, ng'ombe na vyungu. Mtoto wa kike alibeba mdoli mgongoni kwa kitambaa, kama alivyobebwa yeye na kama alivyokuwa akimbeba mdogo wake. Vyombo vilikuwa vya kweli ingawa vidogo: kibuyu kilichovunjika, kipande cha chungu, jani la mgomba la kupakulia.

Mchezo huu wa baba na mama, ambao watoto wa Kenya huuita kalongolongo, ulikuwa na mpangilio. Mmoja alikuwa mama, mwingine baba, wengine watoto, wageni au majirani. Mama alipika udongo na majani, baba alikwenda kulima au kuchunga, mgeni alibisha hodi na kukaribishwa. Mtoto aliyesahau kumsalimu mgeni au kumpa kiti alisahihishwa na wenzake. Heshima, mgawanyo wa kazi na namna ya kugawa chakula vilirudiwa mara nyingi kabla mtoto hajavikabili kwa kweli.

Waandishi kadhaa wameandika juu ya michezo ya aina hii katika Afrika Mashariki. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, aliihesabu michezo ya kuigiza nyumba na kazi za wazazi kuwa sehemu ya elimu ya Wagikuyu. Otto Raum, mtoto wa mmisionari aliyekulia Uchagani, alichapisha Chaga Childhood mwaka 1940 na kueleza kwa urefu jinsi watoto wa Kilimanjaro walivyoigiza maisha ya wakubwa. Raum alikataa wazo kwamba mtoto huiga tu. Aliona kwamba watoto huchagua, hubadilisha na hata huwakosoa wakubwa katika michezo yao. Yeyote aliyewahi kusikiliza watoto wakicheza baba na mama ataikubali hoja hiyo, maana baba mlevi na mama mkali hujitokeza humo bila kufichwa.

Kijumba na mdoli wa uani havina budi kutofautishwa na vinyago vya unyago. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1956 kitabu kuhusu vinyago vya udongo vilivyotumiwa kufundishia vijana katika jando na unyago. Miongoni mwa Wazaramo na jirani zao wa pwani kuna mwana hiti, kinyago kidogo cha mti ambacho mwari alipewa kukitunza wakati wa kuwekwa ndani. Vitu hivyo vilikuwa vya mafunzo rasmi, vilitunzwa na wakubwa na vilikuwa na miiko yake. Kijumba cha uani kilikuwa mali ya mtoto. Alikijenga, akakibomoa na kukijenga tena bila kumwomba mtu ruhusa.

Nyumba ya midoli ya Ulaya

Nyumba ya midoli ya dukani ina asili tofauti kabisa. Ile ya kwanza inayojulikana kwa maandishi ilitengenezwa mwaka 1557 na 1558 kwa amri ya Duke Albrecht wa Tano wa Bavaria, mjini Munich. Haikuwa ya kuchezea. Ilikuwa kitu cha thamani cha kuonyesha wageni utajiri wa mwenyewe. Katika karne ya 17, wake wa matajiri wa Uholanzi waliagiza makabati yaliyogawanywa vyumba na kujazwa vyombo vidogo vya fedha, kaure na kitani. Kabati la Petronella Oortman wa Amsterdam, lililotengenezwa kati ya mwaka 1686 na 1710, liko hadi leo katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, na gharama yake inakadiriwa kuwa sawa na bei ya nyumba halisi kando ya mfereji wa mji huo.

Huko Nuremberg, Ujerumani, nyumba hizo zilipewa pia kazi ya kufundisha. Binti wa familia yenye uwezo alionyeshwa humo jinsi jiko, ghala na chumba cha nguo vinavyopangwa, na jinsi watumishi wanavyosimamiwa. Ni katika karne ya 19, viwanda vilipoanza kuchapa kuta za karatasi na kutengeneza samani ndogo kwa wingi, ndipo nyumba ya midoli ilipokuwa kitu cha kuchezea cha watoto wa tabaka la kati.

Hata hivyo desturi ya kuonyesha haikufa. Kati ya mwaka 1921 na 1924 msanifu Edwin Lutyens alimbunia Malkia Mary wa Uingereza nyumba ya midoli yenye maji ya bomba, umeme na maktaba ya vitabu vidogo vilivyoandikwa na waandishi wa wakati huo. Kila kitu kilikuwa na kipimo cha moja kwa kumi na mbili cha kitu halisi. Ilionyeshwa mwaka 1924 katika maonyesho ya himaya ya Uingereza huko Wembley, London, wakati Tanganyika ilikuwa imekwisha kuwekwa chini ya Waingereza, na sasa iko katika kasri la Windsor. Ni kazi ya ustadi mkubwa, lakini ni ya kutazama.

Tofauti kati ya mapokeo haya mawili, ya Ulaya na ya uani, ni ya msingi. Katika moja, nyumba hukamilishwa na mafundi na mtoto huikuta imekwisha. Katika jingine, kujenga ndiko mchezo, na nyumba ikikamilika mchezo unakaribia kwisha.

Nyumba zinabadilika

Ukoloni uligusa nyumba mapema. Mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ilianzisha kodi ya nyumba katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na Waingereza waliendeleza kodi ya nyumba na ya kichwa. Nyumba, ambayo ilikuwa sehemu ya rugo, ikawa kitu cha kuhesabiwa peke yake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mpaka kati ya Urundi ya Wabelgiji na Tanganyika ya Waingereza ulichorwa upya, na Bugufi, iliyokuwa na uhusiano wa karibu na Urundi, ikabaki upande wa Waingereza.

Misheni zilileta umbo jipya. Waanglikana walijenga Murgwanza katika Ngara na Katoke katika Biharamulo. Wakatoliki walifungua vituo vyao, na Rulenge ikawa makao ya jimbo. Makanisa, shule, zahanati na nyumba za walimu zilikuwa za pembe nne, zenye kuta zilizosimama wima, madirisha na baadaye mapaa ya mabati. Kwa mtoto wa shule, nyumba ya pembe nne ndiyo aliyoichora kwenye kibao chake. Familia zilizopata fedha za kahawa au mshahara zilijenga kwa namna hiyo, na msonge ukapungua kizazi baada ya kizazi.

Uhuru uliongeza kasi ya mabadiliko hayo. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alikumbusha kwamba watoto wa Afrika walielimishwa kabla ya shule za kikoloni, kwa kuishi na kutenda pamoja na wakubwa wao. Lakini sera za miaka iliyofuata zilibadilisha mazingira ya elimu hiyo. Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 ilihamasisha, na mahali pengi ililazimisha, watu kukaa katika vijiji vilivyopangwa, na nyumba ya pembe nne kando ya barabara ikawa sura ya kijiji cha Tanzania.

Kijumba cha mtoto kilifuata. Duara la vijiwe likawa mstatili wenye vyumba viwili au vitatu. Matofali madogo yalifyatuliwa kwa kopo la dagaa au kiberiti, yakaanikwa juani. Kipande cha bati au bati la kopo lililofunguliwa kiliwekwa juu. Vizibo vya soda vikawa sahani, makopo yakawa sufuria, na gari la waya likaegeshwa mlangoni. Mdoli wa gunzi ulibaki, ila sasa ulivikwa mabaki ya nguo ya fundi cherehani.

Turubai za mwaka 1994

Mabadiliko makali zaidi yalikuja mwishoni mwa Aprili 1994. Wanyarwanda waliokimbia vita na mauaji ya kimbari nchini mwao walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa wingi usiowahi kuonekana. Kwa makadirio ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, watu wapatao 250,000 waliingia ndani ya siku moja hivi. Kambi ya Benaco, iliyopata jina kutoka kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara, ikawa ghafla kubwa kama mji, na nyingine kama Lumasi, Musuhura na Kitali zikafuata. Warundi nao walikuwa wamekimbilia wilaya hiyo tangu machafuko ya Oktoba 1993 na baadaye walikaa Lukole. Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, na Lukole ilifungwa mwaka 2008.

Nyumba ya kambini ilikuwa turubai la plastiki juu ya fito. Kwa watoto waliokulia humo, hiyo ndiyo nyumba waliyoijua, na vipande vya turubai, magunia na makopo ya mafuta ya msaada vikaingia katika akiba ya vitu vya kuchezea vya wilaya nzima, kwa kuwa kambi na vijiji viliuziana na kubadilishana vitu kila siku.

Mashirika yaliyoshughulikia elimu ya watoto wa kambi za Ngara yalianza na michezo na burudani kabla ya masomo yenyewe. Sababu yake ilikuwa imejulikana tangu zamani. Katika miaka ya 1920 daktari Margaret Lowenfeld wa London aliwapa watoto wenye shida trei za mchanga na vitu vidogo, zikiwemo nyumba na watu, ili waonyeshe walichoshindwa kusema. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Anna Freud na Dorothy Burlingham, wataalamu wa saikolojia ya watoto, waliwaangalia watoto waliotunzwa katika vituo vyao vya Hampstead, London, na kuona jinsi walivyocheza tena na tena yaliyowapata katika mashambulizi ya mabomu. Mtoto aliyepoteza nyumba huhitaji nyumba ambayo yeye ndiye anayeamua nani aingie, nani alale wapi, na nini kitokee kesho. Kijumba cha turubai kilimpa nafasi hiyo, hata pale ambapo hakuna mkubwa aliyekuwa na muda wa kumuuliza habari zake.

Plastiki na darasa la awali

Barabara inayotoka Dar es Salaam kupitia Kahama na Lusahunga hadi Rusumo na Kabanga hupitisha malori ya Rwanda na Burundi, na bidhaa za viwandani husambaa nayo katika masoko na minada ya wilaya. Midoli ya plastiki, mingi ikitoka China, hufika Ngara pamoja na ndoo, viatu na vyombo. Mdoli wa dukani mara nyingi huwa na ngozi nyeupe na nywele za manjano, na nyumba yake, inapopatikana, huwa na ghorofa, ngazi na bafu la ndani.

Wakati huohuo mchezo wa nyumba umepata mahali katika shule. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, na mtaala wa elimu ya awali uliofuata ulitilia mkazo kujifunza kwa michezo na kona za kujifunzia. Katika kona ya nyumbani watoto hupata vyombo, midoli na nguo za kuigizia, na walimu huhimizwa kutengeneza zana kwa vifaa vya mazingira yao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imetaja kucheza na kupumzika miongoni mwa haki ambazo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto. Kwa njia hiyo, ufundi wa gunzi na maganda ya mgomba, ambao ulikuwa wa uani, umeingia darasani kwa heshima.

Kumchagulia mtoto nyumba

Historia hii inatoa vipimo vinavyofaa kwa mzazi anayenunua, anayemwagiza seremala, au anayekusanya mabua pamoja na mtoto wake.

Kwanza ni usalama. Mtoto wa chini ya miaka 3 hutia kila kitu kinywani. Kitu kinachoweza kupita katika tundu la upana wa sentimita 3 hivi kinaweza kumkaba, kwa hiyo vizibo, shanga, misumari na samani ndogo sana hazimfai. Kopo lililokatwa na waya usiokunjwa ncha huumiza. Rangi ya kupaka mbao iwe isiyo na madini ya risasi, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Mbao iliyopigwa msasa na kuachwa bila rangi ni bora kuliko rangi isiyojulikana. Mifuko ya plastiki na vipande vya turubai laini vikae mbali na mtoto mdogo, maana huweza kuziba pumzi.

Pili ni umri. Kwa mwenye miaka 2 au 3, nyumba iwe ya chumba kimoja au viwili, iliyo wazi upande mmoja au juu, imara kiasi cha kuegemewa, na midoli michache inayojaa kiganjani. Kuanzia miaka 4, mtoto huanza kupanga visa virefu, naye hufurahia vyumba zaidi, mifugo, majirani na vyombo vingi. Kuanzia miaka 6 anaweza kushiriki kujenga, kukata mabua na kufyatua matofali yake.

Tatu ni kufanana na maisha anayoyajua. Nyumba yenye ua, jiko la nje, mafiga, migomba na mbuzi humpa mtoto wa Murusagamba mambo mengi ya kuigiza kuliko ghorofa asiyowahi kuingia. Mdoli wa rangi yake na wenye nywele zinazosukika humwonyesha kwamba watu wa kwao wanastahili kuwa ndani ya nyumba nzuri. Hii haimzuii kucheza na nyumba ya kigeni. Inataka tu kwamba isiwe hiyo peke yake.

Nne ni kazi inayoachiwa mtoto. Nyumba ambayo samani zake zimegundishwa humchosha upesi. Ile ambayo kuta huhama, paa hufunuliwa na vyombo hutengenezwa nyumbani hudumu kwa miaka, kwa sababu mtoto huibadilisha kadiri anavyokua. Fundi seremala wa kijijini anaweza kutengeneza boksi la mbao lenye vizuizi vya kuchomeka, na familia ikamalizia kwa kitambaa, udongo na maganda ya mgomba.

Tano ni wenzake. Kijumba cha uani kilikuwa cha watoto wengi, wa kike na wa kiume, na ndiyo maana kilifundisha kukaribisha, kugawana na kupatana. Nyumba ya midoli iwekwe mahali ambapo watoto watatu au wanne wanaweza kuizunguka, chini sakafuni au juu ya mkeka, na wavulana wasifukuzwe. Mkubwa anayekaribishwa aingie kama mgeni: abishe hodi, apokee chakula anachopewa, na awaache wenye nyumba waendeshe mambo yao.